ERPNext: tawi liwe kampuni, idara au kituo cha gharama?

Mezani_Mikocheni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi.

Tunasimika ERPNext toleo la 15 (programu ya kuendesha hesabu, ghala na manunuzi) pamoja na Frappe HR (upande wa wafanyakazi) kwenye kampuni inayoagiza na kusambaza vifaa vya umeme. Makao makuu yako Mikocheni, duka Kariakoo, ghala Vingunguti, matawi Arusha na Mwanza. Kuna pia Unguja, ambayo ni kampuni iliyosajiliwa kivyake, ina TIN (namba ya mlipakodi) yake na vitabu vyake, ila mkurugenzi mkuu ni yuleyule wa bara. Wafanyakazi jumla 86: Mikocheni 24, Kariakoo 19, Vingunguti 13, Mwanza 12, Arusha 11, Unguja 7.

Kwenye saiti ya majaribio tumefungua kila eneo kama kampuni, na chini ya kila kampuni idara zilezile. Yanayotusumbua ni haya. Mzigo ukitoka Vingunguti kwenda Mwanza, mfumo haukubali uhamisho wa kawaida wa ghala kwa ghala, unataka kampuni moja iiuzie nyingine. Maombi ya likizo ya vijana wa ghala yanamwendea meneja wa fedha. Chati ya uongozi ya Unguja ni nyeupe pe, wakati watu wote saba wameingizwa. Na meneja wa Mwanza anafungua hati za mishahara za watu wa chini yake bila mtu yeyote kumpa ruhusa hiyo.

Data halisi bado haijaingia, kubomoa kunawezekana. Mngekuwa nyinyi mngepangaje ngazi hizi? Na wafanyakazi 86 nawaingizaje bila kuandika mmojammoja?

---

Daftari_Kuu

Mkuu, bomoa. Rudisha bekapu ya mwanzo au fungua saiti mpya, maana kampuni ikishakuwa na miamala kuing'oa ni kazi ya wiki nzima.

Kosa lipo hapa: umechukua mchoro mmoja wa uongozi, ule wa kubandika ukutani, ukataka ubebe kila kitu. ERPNext haina mti mmoja. Ina mti wa kampuni, mti wa vituo vya gharama, mti wa maghala, mti wa idara, na mti wa nani anaripoti kwa nani. Kila mmoja unajibu swali lake, na hakuna sheria inayosema lazima ifanane. Nani anawajibika TRA? Mti wa kampuni. Hela imetumika wapi? Vituo vya gharama. Mzigo uko wapi? Maghala. Mtu yuko kitengo gani? Idara. Bosi wake nani? Sehemu ya `reports_to` kwenye rekodi ya mfanyakazi.

(Neno "tawi" litawachanganya kwenye vikao, kwa sababu mti nao una matawi. Kubalianeni mapema: tawi ni la biashara tu, kama Mwanza. Kwenye mti semeni kikundi na jani. Kikundi hubeba vingine, jani halibebi kitu.)

Kipimo cha kampuni ni kimoja: mwenye TIN ndiye kampuni. Mwanza na Arusha zinatumia TIN ya Mikocheni, basi si kampuni. Kuwa na mashine yake ya EFD (ya risiti za kodi) hakuligeuzi duka kuwa kampuni. Ukizikata kuwa kampuni, kila ripoti ya kisheria utaiunganisha kwa mkono. Chukua SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Anayehesabiwa ni mwajiri kwa ujumla wake, wala si duka mojamoja. Mfumo uliokatwa vipande utakuhesabia vipande.

Unguja ni kampuni kweli, tena ni vizuri ikae peke yake. Bara VAT ya kawaida ni 18%, Zanzibar ni 15% na inakwenda ZRA, mamlaka ya mapato ya kule. Hifadhi ya jamii kule ni ZSSF, huku NSSF. Violezo vya kodi ndani ya ERPNext vinafungwa kwa kampuni, kwa hiyo karani wa Kariakoo hawezi kuchagua 15% kwa bahati mbaya.

Juu ya hizo mbili fungua kampuni ya tatu, uiwekee tiki ya kikundi, isiwe na muamala wowote. Kazi yake ni kukupa taarifa ya fedha ya pamoja tu. Zingatia kwamba kampuni ndogo hurithi orodha ya akaunti kutoka kwa mama, na akaunti mpya inafunguliwa kwa mama ndipo ishuke kwa watoto. Ukijaribu kuifungua moja kwa moja Unguja utazuiwa, labda kwenye rekodi ya Unguja uweke tiki ya kuruhusu akaunti kufunguliwa kwenye kampuni ndogo. Mimi nisingeiweka. Baada ya mwaka mmoja akaunti za pande mbili hazitalingana na taarifa ya pamoja itakuwa na mashimo.

Kifupisho cha kampuni kichague kwa makini, herufi mbili au tatu. Kinabandikwa mwisho wa jina la kila akaunti, idara, ghala na kituo cha gharama ("Mauzo - BR"), na ukishahifadhi hakibadiliki kirahisi. Sarafu nayo haibadiliki tena ukishaingiza muamala.

Vituo vya gharama vya bara:

```
Bara - BR
  Makao Makuu (kikundi)
    Utawala
    Fedha
    Uagizaji
  Dar (kikundi)
    Kariakoo
    Vingunguti
  Mikoani (kikundi)
    Arusha (kikundi)
      Arusha Mjini
    Mwanza (kikundi)
      Mwanza Mjini
```

Utauliza kwa nini Arusha ni kikundi wakati ina duka moja. Ni kwa sababu muamala unaingia kwenye jani tu, na jani likishaingia muamala halikubali kugeuzwa kikundi. Siku mkifungua duka la pili Arusha mtakwama. Aliyekwama tayari ana njia: afungue kikundi kipya pembeni, kisha alihamishe jani la zamani chini yake kwa kubadilisha mzazi. Kuhama kunaruhusiwa, kinachokataliwa ni kugeuka.

Kuna mtego mwingine. Ukifungua kampuni, mfumo unajitengenezea jani la "Main" na kulifanya chaguo-msingi. Usipolibadilisha kwenye rekodi ya kampuni, kila ambaye hakujaza kituo cha gharama atadondokea humo, na ripoti ya faida kwa tawi haitakuwa na maana yoyote.

Maghala ni mtindo uleule, kikundi hakipokei bidhaa. Vingunguti iwe kikundi, ndani yake Upokezi, Rafu na Zilizoharibika. Ongeza ghala la Bidhaa Njiani, maana lori la Mwanza halifiki siku hiyohiyo. Hamisho la kwanza linatoa Vingunguti kuingiza Njiani, la pili linafungwa Mwanza wakishahesabu. Kampuni ikiwa moja, hakuna ankara inayodaiwa hapo.

---

BiRasilimali

Naunga mkono hayo ya juu, naongezea upande wa watu.

Likizo kwenda kwa asiyehusika: wengi wanadhani ukijaza bosi kwenye `reports_to`, ombi litamfuata huyo bosi. Halimfuati. Zile ni sehemu mbili zisizojuana. Mfumo unamtafuta muidhinishaji hivi: kwanza unatazama sehemu ya muidhinishaji wa likizo kwenye rekodi ya mfanyakazi mwenyewe. Kisha unatazama jedwali la waidhinishaji kwenye idara yake. Jina linalojijaza lenyewe linaishia hapo; orodha ya kuchagua muidhinishaji ndiyo inayopanda kwenye idara mama, na mama wa mama, hadi juu. Idara iliyozimwa inarukwa. Usipopatikana yeyote, ombi halihifadhiki na unapewa ujumbe kwamba muidhinishaji hajawekwa kwa mfanyakazi wala idara.

Nadhani kwenu idara ya Ghala imewekwa chini ya Fedha na Utawala, haina muidhinishaji wake, kwa hiyo orodha ikapanda, na vijana wakabaki na meneja wa fedha wa kumchagua. Mfumo umefanya sawasawa na ulivyoambiwa. Mjazeni msimamizi wa ghala kwenye jedwali la idara ya Ghala, mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ndio unaokuwa chaguo-msingi, wa pili ni wa akiba.

Muidhinishaji ni akaunti ya mtumiaji, wala si rekodi ya mfanyakazi. Msimamizi asiye na akaunti ya kuingilia hawezi kuwekwa, hata kama ana watu 12 chini yake.

Kwa wakuu wa idara wenyewe, jazeni muidhinishaji kwenye rekodi binafsi. Bila hivyo mkuu wa Mauzo akiomba likizo, ombi linapita kwenye jedwali la idara yake na jina la kwanza humo ni lake.

Na jambo linaloleta ugomvi kila mwisho wa mwaka: muidhinishaji anabadilisha hali kuwa "imeidhinishwa", anahifadhi, anaondoka. Hiyo bado ni rasimu. Siku hazikatwi mpaka hati iwasilishwe. Mtu ana siku zake 28 za kisheria, amekula 20, mfumo unaonyesha bado 28. Wafundisheni waidhinishaji vitufe vyote viwili.

Idara zinazokuja zenyewe na mfumo zifuteni au zizimeni, bakizeni chache mnazozihitaji. Swali kubwa zaidi ni kama mfungue "Mauzo Kariakoo", "Mauzo Mwanza", "Mauzo Arusha", au "Mauzo" moja. Mimi nasema idara moja ya Mauzo, na eneo lijazwe kwenye sehemu ya tawi. Tawi kwenye ERPNext ni orodha bapa ya majina, haina mzazi wala mtoto, na kwa kazi hii inatosha.

---

Seva_ya_Ubungo

Dada BiRasilimali, hapo kwenye idara moja ya Mauzo naomba kutofautiana nawe. Muidhinishaji anatoka kwenye idara, umesema mwenyewe. Tawi halina jedwali la waidhinishaji. Mkiwa na Mauzo moja, muuzaji wa Mwanza na wa Kariakoo wanapata waidhinishaji walewale, na itabidi meneja wa Mwanza ajazwe mtu kwa mtu kwenye rekodi za watu 11. Akiondoka, mnabadilisha rekodi 11.

---

BiRasilimali

Kweli, kwa matawi ya mikoani hoja yako ina uzito. Basi iwe hivi: idara za kikazi kwa Dar (Mauzo, Ghala, Fedha, Uagizaji, Utumishi), na "Tawi la Mwanza" na "Tawi la Arusha" ziwe idara moja kila moja, chini ya kikundi "Mikoani". Watu 11 au 12 hawahitaji kugawanywa tena. Fundi na muuzaji watatofautishwa kwa cheo. Kwa tawi la watu 40 ningebaki na msimamo wangu wa kwanza.

---

Mezani_Mikocheni

Nashukuru sana wakuu. Hilo la "imeidhinishwa" bila kuwasilisha nimelikuta kwetu sasa hivi, maombi manne yamekaa rasimu.

Niongozeni kwenye kuingiza watu. Nina Excel yenye majina yote, namba za kazini, NIDA, simu na bosi wa kila mmoja.

---

Seva_ya_Ubungo

Usiingize kwa mkupuo mmoja. Utapata makosa juu ya makosa, kwa sababu mstari wa 5 unamtaja bosi aliye mstari wa 60 ambaye bado hayupo.

Anza na idara. Raundi ya kwanza ni vikundi tu, `is_group` iwe 1. Raundi ya pili ni majani, na kwenye `parent_department` andika jina kamili pamoja na kifupisho, "Mikoani - BR". Ukiandika "Mikoani" pekee itakataa. Kisha vyeo na matawi, hizo ni orodha bapa, hazina taabu.

Halafu wafanyakazi, bila safu ya bosi kabisa. Zinazodaiwa ni jina la kwanza, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuanza kazi na kampuni. Ongeza idara, tawi, cheo na namba ya kazini (`employee_number`). Tarehe ziandike 2023-07-01, usiache Excel iamue yenyewe kati ya mwezi na siku. Kwa sasa usijaze akaunti ya mtumiaji, nitaeleza chini.

Wakishaingia, kila mmoja anapata kitambulisho cha mfumo kama HR-EMP-00001. Toa orodha nje ikiwa na safu mbili, kitambulisho na namba ya kazini. Rudi kwenye Excel yako ya mabosi, tumia VLOOKUP (fomula ya Excel ya kutafuta thamani kwenye jedwali jingine) kugeuza namba ya kazini ya bosi kuwa kitambulisho chake. Sasa ingiza upya kwa kuchagua kusasisha rekodi zilizopo, safu mbili tu: kitambulisho cha mfanyakazi na `reports_to`. Jina la bosi halikubaliki pale, ni kitambulisho. Mkurugenzi mkuu mwache wazi, huyo ndiye mzizi.

Ukipata kosa kwamba mfanyakazi hawezi kujiripotia, VLOOKUP imeteleza mstari. Ukipata kosa la kitu kuwekwa chini ya kizazi chake chenyewe, una mzunguko: Asha anaripoti kwa Juma, Juma kwa Neema, Neema kwa Asha. Tafuta mwenye cheo kikubwa kati ya hao watatu, kosa huwa liko kwake.

Excel ina mambo yake mawili. Simu ya 0712 inageuka 712. Na namba ya NIDA ina tarakimu 20, wakati Excel inashika 15 tu kwa usahihi, zilizobaki inazigeuza sifuri kimyakimya. Safu hizo zifanye maandishi KABLA ya kubandika data. Ukifanya baadaye namba imeshaharibika na hakuna namna ya kuirudisha isipokuwa kwenye fomu ya awali.

Onyo la mwisho hapa. Kuna watu wanaona kazi ni ndefu, wanaingia kwenye hifadhidata moja kwa moja na kubadilisha mzazi kwa amri ya SQL. Usifanye. Mti haujahifadhiwa kwa mzazi pekee, kila kipengele kina namba ya kushoto na ya kulia (`lft` na `rgt`). Mfano, mzizi una 1 na 10, Mikoani 2 na 7, Mwanza 3 na 4, Arusha 5 na 6, Fedha 8 na 9. Mfumo ukitaka kujua walio chini ya Mikoani hautembei mti, unachukua wote walio kati ya 2 na 7. Ukibadilisha mzazi kwa SQL namba zinabaki za zamani: kwenye fomu Mwanza inaonekana imehama, kwenye ripoti na ruhusa bado iko kulekule. Likishatokea, msimamizi wa mfumo afungue mwonekano wa mti, kwenye menyu kuna amri ya kuujenga upya. Chukua bekapu kwanza.

---

Mezani_Mikocheni

VLOOKUP imekubali, mti umesimama, watu 86 wote. Lakini Unguja bado nyeupe kwenye chati. Na ile ya mishahara ya Mwanza bado haijajibiwa.

---

Seva_ya_Ubungo

Unguja nyeupe: chati inachuja mambo mawili kwa pamoja, kampuni iliyochaguliwa na asiye na bosi. Huyo asiye na bosi ndiye anayewekwa juu, wengine wanashuka kutoka kwake. Meneja wa Unguja anaripoti kwa mkurugenzi aliyesajiliwa kampuni ya bara. Kwa hiyo ndani ya Unguja hakuna mtu asiye na bosi, na chati haina pa kuanzia. Data yako ni sahihi. Tumia mwonekano wa mti wa wafanyakazi ukichagua kampuni zote, utawaona saba wote chini ya mkurugenzi. Kuna wanaomfutia bosi meneja ili chati ipendeze. Usifanye hivyo, utakata mnyororo wa ruhusa.

Ruhusa sasa, na hapa ndipo lilipo jibu la mishahara.

Ukimuunganisha mfanyakazi na akaunti ya mtumiaji, kuna kisanduku cha kutengeneza ruhusa ya mtumiaji ambacho kinakuja kikiwa na tiki. Kinatengeneza ruhusa mbili: aone rekodi yake ya mfanyakazi, na aone kampuni yake. Ile ya kwanza inafuata mti, maana yake aone yeye NA wote walio chini yake, hadi chini kabisa. Kwa likizo na mahudhurio ndivyo unavyotaka. Ila inagusa kila hati yenye sehemu ya mfanyakazi, na hati ya mshahara ni mojawapo. Kila mtu ana jukumu la kawaida la mfanyakazi linalomruhusu kusoma hati yake ya mshahara, changanya na mti, meneja anasoma za watu wake wote.

Dawa yake: kwa mameneja, ondoa tiki ya kisanduku hicho kwenye rekodi ya mfanyakazi, futa ruhusa ya jumla, kisha tengeneza kwa mkono. Ruhusa ya mfanyakazi huyo kwa ajili ya rekodi za wafanyakazi, nyingine kwa maombi ya likizo, nyingine kwa mahudhurio, nyingine kwa madai ya gharama. Kila aina ya hati inataka rekodi yake, hakuna mkato. Ya mwisho ni kwa hati ya mshahara, na hiyo uiwekee tiki ya kuficha vizazi. Hapo ataona yake tu. USISAHAU hii ya mwisho ukadhani kutoiweka ni kumnyima. Hati isiyo na ruhusa ya kuibana inabaki wazi, ataona za kampuni nzima.

Ruhusa ya pili, ya kampuni, ndiyo inayomfungia mhasibu mkuu asione Unguja. Anayehudumia kampuni zote mbili ifute, au muongezee ya Unguja.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya mfumo, kuna tiki ya ruhusa kali. Ikiwa haina tiki, hati ambayo sehemu husika haikujazwa inaonekana kwa wote. Umembana mtu kwa kituo cha gharama cha Mwanza, karani akasahau kujaza kituo, hati hiyo kila mtu anaiona. Weka tiki, na kituo cha gharama ukifanye cha lazima kwenye oda.

Usijaribu haya kwa akaunti ya Administrator. Huyo hakuna kinachomzuia, kila kitu kitaonekana sawa. Tengeneza akaunti tatu za majaribio: muuzaji wa Mwanza, meneja wa Mwanza, mhasibu mkuu. Ingia kwa kila moja uhesabu rekodi unazoona. Meneja wa Mwanza anatakiwa kuona wafanyakazi 12 na hati za mshahara za mtu mmoja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mshahara wa mtu si wa kuachwa wazi.

---

Daftari_Kuu

Kwa vile mmefika kwenye ruhusa, msisahau oda za manunuzi, maana nako mti wa watu haufanyi kazi. Mtiririko wa idhini unafuata jukumu. Mkitengeneza jukumu "Meneja wa Tawi" na kumpa meneja wa Arusha na wa Mwanza, wa Arusha anaweza kuidhinisha oda ya Mwanza, mpaka mumbane kwa ruhusa ya kituo cha gharama kama alivyoeleza mkuu hapo juu. Aina moja ya hati ina mtiririko mmoja tu unaofanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo msitengeneze wa Mwanza na wa Arusha. Tengenezeni mmoja wenye masharti.

Masharti yenyewe yana mitego. Tuseme oda inayozidi shilingi 5,000,000 iende kwa mkurugenzi. Andika hivi:

`doc.base_grand_total > 5000000`

Usiweke koma kwenye namba. Ukiandika 5,000,000 mfumo hautalalamika. Utasoma kwamba jumla izidi 5, halafu kuna sifuri, halafu sifuri nyingine, na jibu linakuwa ndiyo kwa kila oda. Oda ya kalamu itapanda hadi kwa mkurugenzi.

Na tumia `base_grand_total`, usitumie `grand_total`. Nyinyi mnaagiza nje. Oda ya dola 40,000 kwenye `grand_total` ni 40000 tu, ndogo kuliko 5000000, inapita kwa meneja bila mkurugenzi kuiona. Ile ya kwanza inasoma thamani kwa shilingi.

Kila hatua ya mtiririko ina tiki ya kuruhusu mtu aidhinishe alichokitengeneza mwenyewe, na inakuja ikiwa imewekwa. Iondoeni kwenye kila hatua ya kuidhinisha.

---

Mezani_Mikocheni

Akaunti tatu zimejaribiwa: meneja wa Mwanza anaona 12 na hati moja. Koma nimeikuta kwenye mtiririko wetu, nimeitoa.

La mwisho: msimamizi wa ghala anaacha kazi mwisho wa mwezi. Nikibadilisha hali yake kuwa ameondoka, mfumo unakataa na kunitajia majina ya watu wote wa chini yake.

---

BiRasilimali

Unakataa kwa sababu bado wanaripoti kwake. Ingiza msimamizi mpya kwanza, au wa kukaimu. Toa orodha ya walio chini ya anayeondoka, badilisha `reports_to` yao kwa kusasisha kwa mkupuo kama ulivyofanya mwanzo, kisha weka tarehe ya kuondoka na ubadilishe hali.

Jina lake kwenye jedwali la waidhinishaji la idara ya Ghala halitatoka lenyewe, ni kazi ya mkono. Kagua pia maombi ya likizo yaliyobaki rasimu yakiwa na jina lake, badilisha muidhinishaji mojamoja. Akaunti yake ya kuingilia izime, usiifute, ili hati alizoidhinisha zibaki na jina lake.

Ukimpata mpya, mpitishe kwanza kwenye akaunti ya majaribio aidhinishe NA awasilishe ombi moja ukiwa umekaa pembeni yake.